Kikomo cha Dau Si Bei Utakayolipa

Karibu kila wiki mteja huniomba nimwekee dau katika mnada wa eBay, soko la mtandaoni, na ninapomwuliza kikomo chake, hunijibu kwamba tuanze na kiasi kidogo, kwa kuwa akitaja dola 180 atalipa dola 180. Dhana hii imewakosesha watu wengi vitu walivyokuwa na uwezo kamili wa kuvinunua.

Kiasi unachoandika ni kikomo, nacho hufichwa kwa muuzaji na kwa wanunuzi wenzako. Mfumo hupanda kwa niaba yako hatua kwa hatua, pale tu mwingine anapokupandia. Chukua lenzi ya kamera iliyoanzia dola 50. Ukiwa wa kwanza kuandika 180, bei inabaki 50. Akija wa pili na 120, bei inafika 122.50, kwa sababu katika kiwango hicho hatua moja ni dola 2.50, na asipotokea mwingine, hiyo ndiyo utakayolipa. Anayepanda kidogo kidogo ndiye anayejiumiza: kila akipitwa hurudi na hamaki, mnada ukageuka ubishi, na faida ya ubishi huo humwendea muuzaji. Amua kikomo ukiwa umetulia, ukiwa umeshahesabu usafirishaji na ushuru, kiandike mara moja, kisha uiache skrini.

Wengine hulalamika kwamba anayeibuka sekunde ya mwisho amefanya hila. Saa ya kufunga mnada wa eBay haisogei, kwa hiyo anayechelewa humnyima mshindani muda wa kujibu. Minada ya zamani ya Amazon iliongezwa dakika 10 dau lilipoingia mwishoni, na wanauchumi Alvin Roth na Axel Ockenfels, katika utafiti uliochapishwa 2002, waliona madau ya dakika za mwisho ni machache zaidi huko. Tofauti ililetwa na kanuni, wala si na tabia za watu, na aliyeandika kikomo chake cha kweli hupitwa tu na aliye tayari kulipa zaidi yake.

Kwa wauzaji nitasema machache. Kumwomba ndugu apandishe bei ni marufuku, hata kama ndugu huyo anakitaka kitu chenyewe. Anayetishia kumpa mnunuzi alama mbaya ya tathmini kwenye eBay ajue kwamba uwezo huo uliondolewa 2008.

Mnunuzi naye asidhani kuweka dau ni kushika nafasi. Ni ahadi ya kununua, na hufutwa kwa sababu chache, kama vile kukosea tarakimu. Kubadili mawazo hakumo miongoni mwa sababu hizo.