Freemason na utajiri: mtazame mwalimu Brossolette

"Jiunge Freemason uwe tajiri." Matangazo hayo yamebandikwa hadi kwenye nguzo za umeme, namba ya simu chini yake. Ni utapeli mtupu, lakini wengi huamini kwamba mwanachama hupewa fedha na kinga dhidi ya kila balaa.

Pierre Brossolette, Mfaransa, alikuwa Freemason tangu miaka ya 1920. Agosti 1940, baada ya Ujerumani kuishinda Ufaransa, serikali ya Vichy, ya Wafaransa walioshirikiana na Wajerumani, ilipiga marufuku Freemason. Mwaka uliofuata majina ya viongozi wao yakachapwa kwenye gazeti la serikali. Kinga gani hiyo? Brossolette, msomi wa historia, alinyimwa ualimu serikalini. Akafundisha shule binafsi, na pamoja na mkewe akaendesha duka la vitabu Paris. Baadhi ya wateja hawakufuata daftari bali ujumbe wa siri wa wapinzani wa Wajerumani.

Alikamatwa Februari 1944. Kichwani alikuwa na shungi jeupe lililojulikana sana, naye alikuwa amelipaka rangi asitambulike. Inasimuliwa kwamba gerezani nywele ziliota, weupe ukachomoza. Machi 22, baada ya kuteswa, alijirusha kutoka jengo la Gestapo, polisi wa siri wa Wajerumani, asije akawataja wenzake. Alifariki akiwa na miaka 40.