Goti likiteguka, angalia saa kabla ya kubandika maji ya kukandia

Mtu akitoka kucheza mpira Raskazone, au akianguka na baiskeli mjini Tanga, akarudi nyumbani anachechemea, nyumba nyingi hukimbilia maji ya moto. Kwa goti la siku hiyo hiyo, hilo ni kosa. Joto hupanua mishipa, na damu inayovuja ndani ya goti huzidi. Funga vipande vya barafu kwenye leso, bandika dakika 15 hadi 20, rudia kila baada ya saa 2 au 3 kwa siku mbili za mwanzo. Barafu ya muuza samaki inatosha.

Kisha angalia saa. Goti lililojaa ndani ya saa 2, hasa kama mchezaji alisikia "ko!" akigeuka huku mguu umekita chini, mara nyingi lina damu ndani: kano ya katikati, ule mkanda unaoshikanisha mifupa ya goti, imekatika au mfupa umepasuka. Lililovimba kesho yake, tena likawa linakwama halinyooki, hapo tunashuku menisko, gegedu yenye umbo la mwezi mwandamo. Eksirei ni lazima kwa asiyeweza kupiga hatua 4, asiyekunja goti hadi nyuzi 90, anayeumia ukibonyeza pia ya goti (kile kifuniko cha mbele) au kichwa cha mfupa mwembamba ubavuni kwa nje, na kwa yeyote mwenye miaka 55 au zaidi.

Lakini eksirei haionyeshi kano. Picha ikitoka safi na goti bado linamponyoka mtu akishuka ngazi, arudi lipimwe kwa mikono. Kila linapoponyoka linasaga gegedu. Uvimbe ukipungua, aanze kuimarisha paja: alale chali, anyooshe mguu, ainue kisigino kama sentimita 30, ahesabu 5, ashushe. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni.

Ugoko una shida yake. Mbele pale ni ngozi tu juu ya mfupa, ndiyo maana katika ajali ya bodaboda mfupa uliovunjika hutoboa ngozi na kutokeza nje kwa urahisi. Usiurudishe ndani. Usipake majivu wala dawa ya meno. Funika kwa kitambaa safi, kandamiza panapotoka damu, kisha funga banzi mbili kuanzia katikati ya paja hadi kupita kifundo cha mguu. Antibayotiki inatakiwa mapema, ikiwezekana ndani ya saa ya kwanza, pamoja na sindano ya pepopunda. Kwa hiyo anayetoka Pangani au Lushoto aanzishiwe kituo cha karibu, asisubiri kufika hospitali ya Bombo, Tanga mjini.

Tunaloliogopa zaidi halionekani kwa macho. Misuli ya chini ya goti imefungwa katika vyumba vinne visivyotanuka. Ikivimba humo, inajinyonga. Maumivu huzidi jeraha lenyewe, dawa haziyatulizi, na ukivuta kidole gumba cha mguu kwenda juu mgonjwa anapiga kelele. Mguu waweza kuwa bado una joto na mapigo yapo, visikudanganye. Fungua bandeji, au zile fito alizofunga mganga wa mifupa. Usiuinue mguu juu ya mito, ulaze usawa wa moyo. Baada ya kama saa 6 misuli huanza kufa, na tiba ni kupasuliwa vyumba hivyo haraka. Aliyefungwa hogo (plasta ngumu) mchana akapata hali hii saa 8 usiku, aletwe usiku huo huo.