Picha mbili za mlima mmoja hazitoshi

Wengi Bukavu huamini kwamba ukipiga picha ya mteremko kabla ya kupanda miti, ukaipiga tena baadaye, ushahidi kwamba miti imestawi umekamilika. Sivyo. Ya kwanza ikipigwa Julai, kiangazi kimekausha kila kitu, na ya pili Novemba katikati ya mvua, kijani unachokiona huenda ni nyasi tu. Miche yenyewe haijafika hata magotini.

Rudi mwezi uleule, saa ileile. Weka jiwe la alama, andika namba za GPS, shika simu kwa urefu uleule, tuseme mita 1.5, na tumia lenzi ya 1x, yaani ya kawaida, bila kuvuta picha karibu (zoom). Kinachoharibu zaidi ni kusogea: hatua mbili kushoto zinatosha kuficha korongo la mteremkoni nyuma ya paa la bati. Fungua picha ya zamani, linganisha kona ya paa na ukingo wa mlima, ndipo ubonyeze.

Rangi usiziguse. Kijani kilichokolezwa kwa programu ni uongo, hata kama miti ipo. Na tunza faili ya asili: ikipita WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa za mahali ilipopigwa hufutika. Itume kama dokumenti.