Maneno ya nyumbani yanayokera: tunayoyaamini na ukweli wenyewe

Kuna ugomvi haukosi kwenye nyumba nyingi hapa Tabora, uwe Isevya, Ng'ambo, Cheyo au kule Ipuli, nao ni ugomvi wa maneno. Sisemi watu kutukanana, hapana, nasema lile neno moja tu ambalo mtu wa humo ndani analirudia kila siku na likimtoka tu mwingine anakunja sura. Baba hataki kusikia "oya", mama hataki kuitwa bimkubwa, dada hataki mumewe aseme "nakuja" huku anatoka, wajukuu wanamcheka bibi akisema "lafiki". Na kila mtu ana sababu yake aliyoishika kwa nguvu, ila nyingi kati ya hizo sababu sio kweli kabisa, na zinafarakanisha watu kuliko hata hayo maneno yenyewe, kwahiyo ngoja tuzipitie.

"Haya maneno yameletwa na simu, zamani hayakuwepo"

Yalikuwepo. Hao hao wazee wanaolalamika leo ndo walikuwa wanasema wabenzi kwa wakubwa waliokuwa wanatembelea Mercedes-Benz baada ya uhuru, wakasema manaizi kwa waafrika waliorithi vyeo vya wazungu, wakasema kabwela kwa mtu asiye na kitu. Enzi za Rais Mkapa mtu akiishiwa hela alikuwa anasema ana ukapa na kila mtu anaelewa. Daladala je? Nauli ilikuwa shilingi tano na ile sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala, makondakta wakawa wanaita abiria kwa kupiga kelele dala dala, leo hilo neno liko kwenye matangazo ya serikali na hakuna anayelionea aibu. Kipindi hicho simu ya kupangusa alikuwa nayo nani?

Simu imeongeza mwendo tu. Zamani neno la Dar lilikuwa linapanda treni, maana reli ya kati ilifika hapa Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, afu baadaye ikachepuka kwenda Mwanza, kwahiyo huu mji tangu zamani ni njiapanda, watu wanashuka na mizigo na maneno. Ukiongeza na shule za bweni ambazo watoto walikuwa wanatoka kila kona ya nchi, likizo wakirudi kwao wanarudi na misemo mipya. Sasa hivi neno linatoka Dar asubuhi, jioni mtoto wa Kiloleni analitumia. Hapo ndo mzazi anapoona kama amevamiwa, na kwa kweli namuelewa.

"Sio Kiswahili hicho, hakipo kwenye kamusi"

Hii naisikia sana kwa akina baba. Kamusi inaandika maneno ambayo watu tayari wanayasema, haianzi yenyewe. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ilitoka 1981, je kabla ya hapo watu walikuwa hawaongei Kiswahili? Na hicho sanifu chenyewe kilichaguliwa, mwaka 1928 kwenye mkutano wa Mombasa wakakubaliana Kiunguja, kile Kiswahili cha Unguja, kiwe ndo msingi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia kwa nchi za Afrika Mashariki. Maana yake ni kwamba wa Mvita, yaani Mombasa, na wa Lamu nao walikuwa na Kiswahili chao kizuri tu, hakikuwa kibovu, ila hakikuchaguliwa.

Afu wanasema "maneno ya kigeni". Meza tumeipata kwa Wareno, chapati kwa Wahindi, na hiyo shule unayomwambia mtoto aende akajifunze Kiswahili kizuri ni neno la Wajerumani. Hayo yamezoeleka, ndo tofauti pekee.

Na kitu ambacho wazazi wengi hawakijui, maneno ya mitaani yanafundishwa sekondari. Kwenye somo la Kiswahili kuna mada ya misimu, wanafunzi wanajifunza misimu ya pekee (ya kikundi kidogo), ya kitarafa (ya eneo fulani) na zagao (iliyoenea nchi nzima), na kuna mada ya rejesta ambayo ndo inaeleza kwanini mtu anaongea hivi sokoni na vile mahakamani. Kwahiyo mtoto anayemwambia mwenzake "oya unazingua" afu akigeuka anamwambia bibi yake "shikamoo bibi, habari za toka asubuhi", huyo hajaharibikiwa na lugha, anajua mahali pa kila neno. Wa kumuangalia ni yule anayesema "oya" kwa bibi, na hapo tatizo lake ni adabu, Kiswahili anakijua vizuri tu.

"Kumwita mama bimkubwa ni kumheshimu, anakasirika bure"

Hapa watoto ndo wanakosea. Jirani yetu mmoja alikuwa uani anakata viazi vitamu vya kuanika michembe, kisu mkononi, mkeka umejaa vile vipande vyeupe, kijana wake kaingia kutoka mpirani kasema "bimkubwa, msosi vipi?" Yule mama akaacha kukata, akamuangalia, akamuuliza, "bimkubwa? Na bimdogo yuko wapi, mmemficha chumba gani?" Kijana akabaki anacheka, ila mama alikuwa hacheki hata kidogo.

Ni kweli hilo neno lina heshima, bi mkubwa ni mama mtu mzima wa kuheshimiwa, lakini pia ndo jina la mke wa kwanza kwenye nyumba ya wake wawili. Sasa mwanamke aliyekulia kwenye mitala akamuona mama yake anavyoteseka, au mwenye wasiwasi na safari za mume wake, neno hilo linamgusa pengine kabisa. Mtoto anasikia mapenzi, mama anasikia kuna mwenzie. Wote wawili wako sawa kwa maana ya neno, ila kwakuwa anayeitwa ni mama, mama ndo mwenye uamuzi. Vivyo hivyo kwa dingi, mshua, faza, maza, kuna wazee wanayafurahia kabisa na kuna wanaoyachukia, uliza kwanza.

"Bibi anaharibu r na l kwasababu hakusoma"

Hii inaniuma kuliko zote. Bibi wa Kinyamwezi akisema "lafiki", "balabala", "kalibu chakula", wajukuu waliokulia Dar wanaangua kicheko, na wengine wanamrekodi kabisa wanaweka status. Kinyamwezi sawa na Kisukuma hakina r, kina l tu. Mtu aliyelelewa kwenye lugha yenye sauti moja sikio lake limezoea hivyo tangu utotoni, anaziweka zote mbili kwenye ile aliyonayo, na wala hili sio la Wanyamwezi peke yao, lugha nyingi za kibantu hazitofautishi hizo sauti mbili. Haihusiani na akili wala darasa, wapo maprofesa wazima wana lafudhi hiyo.

Na tugeuze upande wa pili. Huyo mjukuu mwambie aseme "ng'wana" kama anavyosema bibi yake, uone kazi. Mwambie aitikie vizuri bibi akimwamkia "mwangaluka" asubuhi au "mwadila" mchana. Bibi ana lugha mbili, anavuka kutoka moja kwenda nyingine siku nzima, mjukuu mara nyingi ana moja. Kumsahihisha mtu mzima mbele ya wageni kila akifungua mdomo hakumfundishi r, kunamfundisha kukaa kimya, na nimeona bibi ambaye siku hizi wajukuu wakija likizo anaitikia kwa kichwa tu.

"Nanihii, kidude kile, nani huyu... huo ni uvivu wa akili"

Sio uvivu. Kila lugha ina maneno ya kushikia nafasi wakati jina lenyewe linatafutwa, na ile hali ya jina kuwa mdomoni halafu halitoki inampata kila mtu, kijana na mzee, inaongezeka umri ukienda, na majina ya watu ndo yanasumbua zaidi. Mama anaita watoto wote wanne kwa zamu mpaka amfikie anayemtaka, hiyo ni kawaida kabisa, anawapenda wote ndo maana majina yenu yanakaa karibu karibu.

Ila wengine wanavuka upande wa pili, mzee anaanza kuuliza swali lile lile kila baada ya muda mfupi, anapotea njia ya kurudi nyumbani anayoijua miaka yote, ameshika kijiko hajui ni cha nini, na familia inasema "si ndo uzee, alianza na nanihii". Hapana, hiyo sio ile ya jina kuchelewa, huyo mpelekeni hospitali aonwe na daktari, kusahau kwa namna hiyo kuna sababu nyingi na baadhi yake zinatibika.

"Nakuja" na "nipo njiani"

Fupi tu. Mtu anayesema "nakuja" huku anatoka anakwambia kwamba atarudi, ni namna yetu ya kuaga bila kuacha pengo, hadanganyi. "Nipo njiani" wakati hajavaa hata viatu, hiyo ni uongo, na mwenye kulalamika ana haki.

"Nikipiga marufuku litaisha"

Haliishi, linabadilishwa. Maneno ya vijana kazi yake mojawapo ni kuwa na ya kwao wenyewe ambayo wakubwa hawayajui, kwahiyo ukilikataza unakuwa umelipandisha thamani, na wakigundua umeshaelewa maana wanatafuta jingine. Mbona hata wazee wetu walikuwa na kinyume, unageuza silabi nyumba inakuwa mbanyu, ili mtoto au mgeni asielewe kinachosemwa. Neno linakufa haraka pale baba mwenyewe anapoanza kulitumia mezani, hapo vijana wanaliacha wenyewe wiki hiyo hiyo.

"Lugha safi haimuumizi mtu"

Sasa hapa ndo naomba tukae kidogo. Tunapoteza nguvu kugombana na "oya" na "freshi" wakati kuna sentensi za Kiswahili kinyoofu, sanifu kabisa, zinasemwa kila siku kwenye nyumba zetu na hakuna anayezikemea. "Umefanana na baba yako, hutafika popote." "Wewe ni mtoto wa kufikia tu." "Mama yenu hana kazi, yuko tu nyumbani." Huyo aliye tu nyumbani kaamka kabla ya jua, kachota maji, kawasha mkaa, kawaandaa watoto wa shule, kaanika karanga, kaenda sokoni, na bado kuna wanaomwita golikipa na watu wanacheka.

Na beki tatu, yaani dada wa kazi za ndani. Hili neno limeingia kwenye nyumba nyingi mpaka watoto wadogo wanalisema, "mwambie beki tatu alete maji", na binti mwenyewe yuko pale pale mlangoni anasikia. Ana jina. Mara nyingi ni binti mdogo katoka kijijini Sikonge au Urambo au mbali zaidi, ndo anambeba mtoto wenu usiku akiumwa. Watu wanasema "mwenyewe kazoea, anacheka", lakini atafanyaje kama anakula na kulala kwenu, ataanza kuwagombeza? Kucheka kwake sio kukubali. Mtoto anayemwita dada kwa jina lake anafundishwa na wakubwa wa nyumba, na anayemwita beki tatu pia kafundishwa na hao hao.

Kwahiyo kipimo sio neno ni la mtaani au la kamusi. Kuna misimu haina shida yoyote na kuna misimu ni dharau, kuna sanifu tamu na kuna sanifu yenye sumu.

"Ah, ni utani tu"

Utani una wenyewe, na sisi watu wa Tabora tunapaswa kulijua hili kuliko wengi, maana utani wa Wanyamwezi na Wazaramo unajulikana nchi nzima, umetokana na safari za misafara ya kwenda pwani. Mtani anaweza kukwambia maneno mazito msibani kabisa na ukacheka, kwasababu yeye nae unamwambia, na kwasababu siku ukipata shida ana wajibu wake kwako. Ndani ya familia utani uko kwa babu na bibi na wajukuu, ndo maana bibi anamwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu" na mjukuu wa kike anaitwa mke mwenza, na uko kwa mashemeji. Hauko kwa baba na binti yake. Hauko kwa mkwe, kwa mkwe kuna heshima hata ya kukaa. Kaka mkubwa anayemwita mdogo wake kibonge kila siku mbele za watu wakati mdogo hana ruhusa ya kumjibu, huo sio utani, utani unarudi, unaenda pande mbili.

Watu wananiuliza basi nimwambieje mtu wa ndani kwamba neno lake linanikera. Kwa mdogo wako au mtoto, mwambie mkiwa wawili, taja neno lenyewe na useme unataka uitweje, usimkemee mbele ya rafiki zake. Kwa mume au mke ni hivyo hivyo, ila sio kwenye ugomvi mwingine, maana litaonekana ni silaha. Kwa baba na mama mpitishe shangazi au bibi, wao wana mlango ambao wewe huna. Na kwa mkwe usijaribu mwenyewe kabisa, kaa na wifi au shemeji yako mnayeelewana, mwambie, yeye atajua siku ya kulisema na namna ya kulisema.