Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Kupika Spageti

Watu wengi huamini kwamba dakika zilizoandikwa kwenye pakiti ya spageti ni kanuni isiyobadilika popote ulipo. Ukweli ni kwamba mahali unapopikia panahusika sana. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na Nakuru iko mita 1,850 hivi. Kadiri mahali palivyo juu ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua, na maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Kisumu maji hutokota kwenye nyuzi 96 hivi, na hapa Nakuru kwenye nyuzi 94 hivi. Kuongeza moto hakusaidii, kwa sababu maji yakishatokota hayapati joto zaidi, bali hugeuka mvuke upesi na kuimaliza gesi. Nilipohamia Nakuru kutoka Kisumu, niliendelea kuepua kwa dakika nilizozoea, na kwa wiki kadhaa watoto walikuwa wakitafuna spageti zenye kiini kigumu huku mimi nikidhani nimeuziwa bidhaa mbovu.

Kwa hiyo pakiti ikisema dakika nane, anza kuonja kwenye ya nane, lakini usishangae ukihitaji moja au mbili zaidi. Toa uzi mmoja, uukate kwa kisu, kisha utazame pale ulipoukata. Ukiona kitone cheupe katikati, wanga wa ndani bado haujapata maji. Kitone hicho kikibaki kidogo kama ncha ya sindano, huo ndio wakati wa kuepua, hasa kama utazimalizia ndani ya mchuzi. Wapo wanaozirusha ukutani ili waone kama zitanata, lakini hata zilizoiva kupita kiasi hunata, kwa hiyo ukuta hauwezi kukuambia kitu.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni ile ya kumimina mafuta kwenye maji ili spageti zisishikane. Chungulia sufuria yenyewe: mafuta yanaelea juu kama visarafu vya dhahabu, nazo spageti ziko chini, hazikutani nayo mpaka unapozimwaga kwenye chujio. Hapo ndipo mafuta hayo huzipaka, na mchuzi wako wa nyama ya kusaga, uliokaangwa kwa subira pamoja na nyanya na dhania, huteleza na kubaki chini ya sahani. Kinachozuia kushikana ni mwiko. Katika dakika mbili za mwanzo wanga wa nje huwa umelainika na kunata kama gundi, kwa hiyo koroga mfululizo wakati huo, kisha mara mojamoja hadi mwisho.

Chumvi nayo husemwa kuwa huharakisha maji kuchemka. Gramu 10 katika lita moja hupandisha kiwango cha kuchemka kwa chini ya theluthi moja ya nyuzi, kiasi ambacho hakuna mpishi atakayekitambua. Tunaitia kwa ajili ya ladha, kwa kuwa spageti hufyonza maji zinapoiva, na ladha isiyoingia wakati huo huwa vigumu kuirudisha.

Kuhusu wingi wa maji, desturi ya Italia ni lita moja kwa kila gramu 100, nayo ni desturi nzuri kwa mwenye gesi tele. Nusu ya hayo yanatosha, mradi spageti zizame na ukoroge zaidi. Hata moto hauhitajiki muda wote. Giorgio Parisi, Mwitalia aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2021, aliitetea hadharani mwaka uliofuata njia ya kuzima jiko maji yakishachemka na spageti zikishaingia, na kuziacha ziive chini ya kifuniko. Wanga wa ngano huanza kuiva kwenye nyuzi 60 hivi, kwa hiyo joto linalobaki hutosha. Mimi huziacha zitokote dakika mbili, nafunika na kuzima, kisha naongeza dakika tatu juu ya zile za pakiti. Sufuria nyembamba hupoa upesi. Tumia nzito, na usifunue kila mara.

Kuvunja spageti ili zienee sufuriani si kosa la upishi. Zitakuwa fupi, basi. Kuzisuuza kwa maji baridi, hata hivyo, ni hasara, isipokuwa kama unatengeneza saladi, kwa sababu unaondoa wanga wa nje ambao mchuzi hushikilia. Vivyo hivyo, usimwage maji yote kwenye sinki. Chota kikombe kimoja cha yale meupe yenye wanga, umimine kidogokidogo kwenye mchuzi ulio motoni, utie spageti na kuzigeuza kwa dakika moja. Utauona mchuzi ukizidi kuwa mzito na kung'aa, ukishika kila uzi.