Mtoto anatoka damu chooni, wala halii

Wengi hupima ugonjwa wa tumbo kwa kilio cha mtoto. Mimi, mpasuaji wa watoto, kilio huniongoza nusu tu. Mtoto wa miaka miwili anayejisaidia damu nyingi ghafla, bila homa wala maumivu, hunitia wasiwasi zaidi, kwani hapo nawaza kwanza kifuko cha Meckel.

Mimba ikiwa changa, utumbo wa kijusi huunganishwa na kifuko cha kiini, kinachokilisha mwanzoni, kwa mrija unaopitia kitovuni. Mrija huo hutakiwa kutoweka kabla ya miezi miwili kwisha. Kwa takriban watu 2 kati ya 100 hubaki kipande chake kwenye utumbo mwembamba, nacho ndicho kifuko cha Meckel, na wengi wao huzeeka nacho bila kujua. Johann Friedrich Meckel, Mjerumani, alieleza chanzo chake mwaka 1809. Balaa huanza pale kifuko kinapokuwa na utando kama wa tumbo la chakula: hutoa asidi, na utumbo wa jirani, usio na kinga dhidi yake, huchimbika kidonda hadi mshipa unavuja. Kidonda chenyewe mara nyingi kiko nje ya kifuko, kwa hiyo kukata kifuko bila kukagua utumbo ni kazi nusu.

Kolonoskopi, yaani kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, kwa kawaida haifiki huko. Hutumika dawa ya mionzi ya teknishiamu, inayonaswa na utando huo na kuonekana kwenye picha. Picha isipoonyesha kitu na damu ikaendelea, huwa sikubali yaishie hapo. Naingiza kamera ndani ya tumbo kupitia tundu dogo la upasuaji.

Msitulizwe na presha nzuri. Mtoto wa kilo 10 ana damu mililita 800 hivi tu, na presha yake hushuka akiwa ameshachelewa. Mapigo ya moyo hutangulia kupanda.

Kuna visababishi adimu zaidi. Utumbo pacha, yaani kipande cha utumbo kilichojirudia tangu kuumbwa, nao huweza kuwa na utando wa asidi. Mishipa iliyoumbika vibaya huvuja kidogo kidogo, mtoto akaishiwa damu polepole. Wengine huwa na vivimbe laini vya buluu kwenye ngozi, basi mvueni nguo mumtazame mwili mzima. Na mvulana mwenye hemofilia, ugonjwa wa kurithi ambao damu haigandi vizuri, huweza kuvujia ndani ya msuli wa nyuma ya tumbo, maumivu yakafanana kabisa na ya kidole tumbo. Kabla ya kumpeleka chumba cha upasuaji, mwulizeni mama kama kaka zake, yaani wajomba wa mtoto, hutokwa damu isiyokatika.