Kabla ya Pistoni Mpya, Tafuta Hewa Inapopenyea

Karibu kila anayeniletea injini ya tu-stroki (ile inayochoma oili pamoja na petroli) iliyojamu, yaani pistoni imenasa, huja na pistoni mpya mkononi, ringi (pete zinazoizunguka) na gasketi zake zikiwa bado kwenye pakiti. Mimi naomba kwanza ile ya zamani, kwani ndiyo inayosema kilichotokea. Michubuko ikiwa upande wa ekzosi tu, joto lilizidi: oili ilikuwa haba, au hewa ilizidi petroli. Michubuko minne iliyopangana kuzunguka pistoni ni ya injini iliyokimbizwa kabla haijapata moto. Pistoni imetanuka, bloku inamopandia na kushukia bado ya baridi. Sketi, yaani ubavu wa chini wa pistoni, iliyofubaa upande wa kabureta ni vumbi, basi kaangalie chujio la hewa.

Kinachosahaulika sana ni sili za krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Katika tu-stroki, kasha la krenki ndilo pampu: pistoni ikipanda, kasha linavuta hewa na petroli, ikishuka, linausukuma mchanganyiko huo juu kwenye silinda. Krenki inatokeza nje pande mbili, na kila upande una sili ya mpira. Sili ya upande wa magneto, kinachotoa umeme wa plagi, ikichoka, kasha linavuta hewa ambayo haikupita kwenye kabureta, hewa isiyo na petroli wala oili. Utaijua kwa mlio: unaachia mafuta, injini inabaki juu kwa muda ndipo ishuke. Sili ya upande wa klachi ikichoka, inafyonzwa oili ya giaboksi; moshi unakuwa mzito na oili inapungua bila hata tone kudondoka chini.

Niliwahi kujenga injini ndogo ya cc 80: nikachonga bloku kuipanua, nikaweka pistoni ya oversaizi, kubwa kidogo kuliko ya awali, kila kipimo sawa. Baada ya wiki mbili ikajamu palepale upande wa ekzosi. Nilipofungua kava la magneto na kuigusa sili kwa ukucha, ilikuwa ngumu kama plastiki. Iliniuma, kwa sababu bloku ile ilikuwa nzima kabisa kabla ya wiki hizo mbili.

Tangu hapo sifungi injini bila kuipima presha. Naziba tundu la ekzosi kwa mpira na bamba la chuma, plagi naikaza mahali pake, kisha kwenye mdomo wa kabureta nafunga kimpira kilichounganishwa na kile kipimo cha presha ya damu cha kubonyeza kwa mkono. Pistoni naiweka juu. Najaza hadi 300 (milimita za zebaki) kwenye saa yake, ambayo ni sawa na baa 0.4, pampu ya baiskeli usiitumie, inaweza kuing'oa sili yenyewe. Nasubiri dakika 5. Kisha nazungusha krenki taratibu, kwa sababu kuna sili inayoshika krenki ikitulia na kuachia ikizunguka. Mshale ukishuka, napaka maji ya sabuni: kwenye sili, chini ya bloku, na maungio ya kasha. Povu linajionyesha lenyewe.

Sili mpya paka grisi kwenye mdomo wake, ipitishe juu ya nailoni nyembamba iliyoviringishwa kwenye ncha ya krenki ili makali ya chuma yasiichane, kisha isukume kwa soketi inayolingana na ukingo wake wa nje. Bisibisi ikae mbali.

Pistoni sasa ni kazi nyepesi. Alama ya mshale iliyo juu yake ielekee ekzosi. Miisho ya kila ringi ikumbatie kipini kilicho ndani ya mfereji, maana ringi ikizunguka, ncha yake itanasa kwenye tundu la bloku na kuvunjika. Ziba mdomo wa kasha kwa kitambaa kabla ya kutia klipu zinazozuia pini ya pistoni isitoke. Klipu ikidondoka humo utalifungua kasha lote. Klipu ya zamani usiirudishe hata ikionekana nzuri.

Ile cc 80 niliifunga upya kwa sili mbili mpya. Mshale ulisimama kwenye 300 dakika zote 5, nami nikarudisha kabureta.